Kukimbia kwa ajili ya ndugu mwenye sikoseli: mwongozo kamili wa kuandaa mbio za hisani Mtwara

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi minane vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba kama vimeumuka. Jirani mmoja pale Chikongola alisema ni mikono ya watu, mwingine akasema ni baridi ya kusi. Ilikuwa sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama wanavyoiandika kliniki. Toka siku ile nyumba yetu imezoea mambo ambayo nyumba nyingine hazina: kulala na mfuko umeshafungwa tayari kwa hospitali, kutafuta mtu wa kutoa damu saa nane za usiku, mama kukanda miguu ya mtoto kwa kitambaa cha maji moto huku naye analia kimyakimya.

Tulipokuwa wakubwa, sisi ndugu zake tukaamua kukimbia ili kuchangisha fedha. Tumeshaandaa mbio hizo zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza tulikosea mengi. Haya ninayoandika ni kwa familia inayotaka kufanya hivyo hapa Mtwara, iwe ni kwa sikoseli kama sisi au kwa ugonjwa mwingine uliomo nyumbani. Mtu wa Lindi naye yanamfaa, atabadilisha uwanja na barabara.

Anzia dirisha la dawa, barabara itafuata

Familia nyingi zinaanza na fulana. Wanachagua rangi, wanachora nembo, wanatafuta mgeni rasmi, halafu siku ya mwisho wanaulizana fedha zilizopatikana zifanye nini. Sisi tulifanya hivyo. Fedha zikakaa miezi minne bila kazi, na watu waliochanga wakaanza kunong'ona, kwa haki kabisa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda hospitali. Ukiwa mjini, una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Walioko Masasi wana Ndanda, walioko Lindi mjini wana Sokoine. Omba kuonana na mganga mfawidhi au mtu wa ustawi wa jamii, umweleze nia yenu, kisha uulize swali moja: "Kwa wagonjwa wa sikoseli mnaowahudumia, ni kitu gani kinakwama kwa sababu ya fedha?"

Usikisie jibu. Sisi tuliingia tukidhani shida ni dawa ya kutuliza maumivu. Tukaambiwa kuwa wazazi wengi hawarudi kliniki kwa sababu ya nauli. Mama anatoka kijijini na mtoto mgongoni, nauli ya kwenda na kurudi inamshinda, anaruka mwezi mmoja, mtoto anarudi amezidiwa. Kwingine linaweza kuwa ni vipimo, au dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, au vidonge vya foliki asidi, au penisilini ambayo mtoto chini ya miaka mitano hupewa ili kumkinga na maambukizi. Au bima: nendeni ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya muulize ni kifurushi gani cha wakati huo kinachowafaa watoto hao na kinagharimu kiasi gani kwa mwaka.

Mkishajua, andikeni sentensi moja yenye idadi. Mfano: "Tunakimbia ili watoto 30 wahudhurie kliniki kila mwezi kwa mwaka mzima, nauli ikiwa imelipwa." Sentensi hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye bango, kwenye barua za wadhamini na kwenye taarifa ya mwisho. Kama hamwezi kuiandika, bado hamko tayari kuchangisha.

Neno moja la tahadhari hapa. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, iliyopewa jina la mwana wetu wa Lupaso, Masasi, imekuwa ikipandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli. Ni habari njema mno, na kila mzazi akiisikia moyo unamruka. Lakini upandikizaji ni gharama kubwa, unahitaji ndugu ambaye uloto wake unaoana na wa mgonjwa, na si kila mtoto anafaa. Mbio za mtaani zisiahidi hilo. Ahidini mnachoweza kukilipa.

Muujue ugonjwa kiasi cha kujibu maswali

Ukivaa fulana iliyoandikwa sikoseli, sokoni watakusimamisha. Jiandae kwa haya.

Ugonjwa huu hauambukizi wala haulogwi. Mtoto anaurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa wazima wa afya, kila mmoja amebeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huu. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mtoto mgonjwa. Kila mimba, kila mara. Wengine wanadhani ukishazaa mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata watakuwa wazima; sivyo. Na kamwe asilaumiwe mama peke yake. Nimeona ndoa inavunjika kwa lawama hiyo.

Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapinda kama mundu na kuwa ngumu. Zinaziba mishipa midogo, ndiyo maumivu. Zinakufa mapema, ndiyo upungufu wa damu. Dalili huanza mtoto akiwa na miezi kama sita, kwa sababu kabla ya hapo damu aliyotoka nayo tumboni bado inamlinda. Na kwa nini ugonjwa ni mwingi kwetu pwani? Kwa sababu aliyebeba kinasaba kimoja anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo mahali palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, kinasaba hiki kilibaki na kuenea. Watu wakielewa hilo huacha kutafuta mchawi.

Haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu, lakini ni dawa ya kila siku, kipimo chake kinafuata uzito, na damu ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara. Hivyo kamati isinunue dawa na kugawa uwanjani. Lipeni hospitali, daktari ndiye aandike.

Kamati ndogo, na fedha zisiguswe na mkono mmoja

Watu saba wanatosha. Wasiwe wa familia wote. Kwetu tuna mwalimu wa michezo, muuguzi mstaafu, kijana wa bodaboda ambaye anajulikana na wenzake wote stendi, mama mmoja mwenyekiti wa kikoba, na sisi ndugu watatu.

Mweka hazina asiwe ndugu wa mgonjwa. Najua linauma kulisikia, kwa sababu wewe ndiye unayeamka usiku na unajijua huwezi kuiba. Lakini siku mtoto wenu mwenyewe akizidiwa na akaunti ina fedha, utafanyaje? Muwekeeni mtu mwingine mzigo huo. Tena semeni mapema, kwa maandishi, kama mtoto wenu naye atanufaika au la. Sisi tuliamua mdogo wetu aingie kwenye orodha ya kliniki kama wengine, bila kutangulizwa. Tukalitangaza hivyo siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza tena.

Mkisajili kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, benki itawafungulia akaunti ya kikundi kwa katiba yenu, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho. Wekeni watia saini watatu, wawili wakihitajika kila fedha inapotoka. Kwa michango ya simu chukueni Lipa Namba yenye jina la kikundi. Mtu akituma fedha akaona jina la kijana asiyemfahamu, anaghairi, na hakosei.

Daftari la risiti linunuliwe kabla ya shilingi ya kwanza. Hata anayetoa 500 apewe risiti.

Tarehe: kati ya jua na korosho

Hili kwetu kusini ni gumu kuliko linavyoonekana. Siku ya Selimundu Duniani ni tarehe 19 Juni, na Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri kukimbia: kusi linavuma, asubuhi kuna ubaridi, mvua zimekwisha. Tatizo ni kwamba Juni mifukoni hakuna kitu. Fedha ya Mtwara na Lindi inakuja na korosho, minada ikianza kama Oktoba na wakulima wakilipwa kupitia vyama vya msingi kuelekea mwisho wa mwaka. Wakati huo kila mtu anatoa, ila jua la Novemba linachoma saa mbili tu asubuhi, na mvua zinakaribia.

Mbio za kwanza tulifanya Novemba kwa kufuata fedha. Watu wawili walianguka kwa joto. Namshukuru Mungu waliamka, lakini sitarudia. Sasa tunakimbia Juni, na tunagawanya uchangishaji mara mbili: viingilio na wadhamini wa mjini Juni, kisha kamati inazunguka vijijini na kwa wafanyabiashara wakati wa korosho ikiwa na picha na hesabu za mbio mkononi. Raundi ya pili hutuletea fedha nyingi kuliko ya kwanza, kwa sababu tunakwenda na taarifa ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Angalieni kalenda msigonge Ramadhani wala sikukuu. Jumamosi inawafaa wengi, ila kwepeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi maana ni siku ya usafi kitaifa na viongozi wa mitaa watakuwa na kazi nyingine. Jipeni miezi minne ya maandalizi.

Njia

Kilomita 5 na kilomita 10, pamoja na matembezi ya kilomita 3 kwa wazee, kina mama na watoto. Msidanganyike na neno marathoni. Kilomita 42 zinahitaji ulinzi, maji na madaktari ambao hamna.

Uwanja wa Nangwanda Sijaona ni mahali pazuri pa kuanzia na kumalizia: pana nafasi, watu wanapajua, na geti linasaidia kuhesabu walioingia. Kutoka hapo mnaweza kuelekea Shangani kwenye upepo wa bahari na kurudi. Wengi hutamani kukimbia hadi Mikindani, na kweli ni njia nzuri: umbali kutoka mjini ni kama kilomita 10, na kumalizia mji mkongwe ukiona ghuba kunampa mtu nguvu ambazo hakujua anazo. Lakini ile ni barabara kuu yenye malori, na wakimbiaji 200 watahitaji usafiri wa kurudi. Kama ni mara yenu ya kwanza, zungukieni mjini.

Pimeni njia kwa simu mbili tofauti na mpite kwa baiskeli, si kwa gari. Kwa baiskeli utayaona mashimo, mchanga, mbwa na makutano ambayo gari halikuonyeshi. Wekeni alama kila kilomita kwa chokaa.

Vibali

Barua moja, nakala nyingi. Anzieni Serikali ya Mtaa na Mtendaji wa Kata, mpande kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia Afisa Michezo, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako mtaomba kwa maandishi pia kibali cha kuchangisha fedha kwa umma. Polisi wapelekewe ramani ya njia yenye saa za kuanza na kumaliza, na mkae na trafiki ana kwa ana. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaani ziko chini ya TARURA, pelekeni nakala. Chama cha riadha cha mkoa kishirikishwe, kwanza kwa sababu ndio utaratibu, pili kwa sababu wana waamuzi na saa za kupimia.

Anzeni miezi mitatu kabla. Kila barua ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na muibebe nakala hiyo siku ya mbio.

Fulana itakula fedha ya mtoto

Chukua mfano huu. Watu 200 wanalipa kiingilio cha shilingi 10,000, inakuwa milioni 2. Ukimpa kila mmoja fulana ya shilingi 8,000, milioni 1 na laki 6 zimeondoka. Medali ya shilingi 3,000 kwa kila mmoja ni laki 6 nyingine. Tayari una deni la laki 2, na hujanunua maji. Mbio zimejaa, picha zimependeza, na mtoto hajapata kitu.

Sisi sasa kiingilio kinakupa namba ya kifuani na maji tu. Anayetaka fulana anaiagiza na kuilipia wiki tatu kabla, kwa bei ambayo ndani yake kuna mchango. Hatuchapishi hata moja ya ziada. Medali tulizibadilisha na cheti, na kwa washindi zawadi za wafanyabiashara: mchele, kanga, baiskeli moja mwaka tulipobahatika. Wanafunzi wanalipa kidogo. Asiye na kitu na anataka kukimbia kwa sababu ana mgonjwa nyumbani, akimbie.

Wekeni kanuni yenu wenyewe, na muitangaze. Yetu ni kwamba gharama zote zilipwe na wadhamini, na kila shilingi ya kiingilio na mchango iende kwa wagonjwa. Mdhamini wa maji aleta maji, wa mahema aleta mahema, wa kipaza sauti aleta kipaza sauti. Ni rahisi mwenye duka kutoa katoni kumi za maji kuliko kutoa fedha taslimu, na hesabu inabaki safi.

Namna ya kuomba

Barua ya udhamini iwe ukurasa mmoja. Ile sentensi yenye idadi iwe juu kabisa. Chini yake: tarehe, mahali, mnahitaji nini hasa kutoka kwake, na mtamrudishia taarifa lini. Ipelekeni kwa miguu. Barua pepe kwa mwenye duka la jumla haifiki, na hata ikifika haisomwi.

Kila mkimbiaji apewe kadi ya ahadi. Ndugu na rafiki wanaandika jina na kiasi kwa kila kilomita. Shangazi akiahidi 1,000 kwa kilomita, ukimaliza 10 anakudai umwonyeshe cheti, naye anatoa 10,000. Kadi hizi zinaleta fedha kuliko kiingilio, kwa sababu mkimbiaji mmoja anaweza kuwa na watu kumi nyuma yake, wakiwamo walioko Dar es Salaam ambao hawatafika. Kusanyeni ahadi ndani ya siku saba. Ikipita wiki, ahadi inapoa, na ukiikumbusha mara ya tatu unaonekana msumbufu.

Kuhusu picha ya mgonjwa: msiiweke. Wengi watawashauri mweke mtoto akiwa kitandani na dripu ili watu waingiwe na huruma. Mdogo wetu yuko sekondari sasa, na aliniambia wazi kwamba hataki kwenda shule akiwa yule wa kwenye bango. Tumeheshimu. Akitaka mwenyewe kusimama na kusema, akiwa na umri wa kujua anachofanya na wazazi wakiridhia, hapo ni sauti yake. Kuna vijana wanaojiita mashujaa wa selimundu ambao wanaongea vizuri kuliko daktari yeyote. Waalikeni hao.

Mazoezi

Wiki kumi kwa asiyewahi kukimbia. Mara tatu kwa wiki. Wiki mbili za kwanza tembea dakika tatu, kimbia dakika moja, kwa nusu saa. Punguza kutembea polepole mpaka wiki ya saba ukimbie kilomita 3 bila kusimama. Ukiweza kuongea na mwenzio wakati unakimbia, mwendo ni sahihi.

Maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu wa ufukweni Shangani ni mzuri kwa magoti. Kwenye bamvua maji hutoka mbali na nafasi ni kubwa. Ulizeni wavuvi saa, wanazijua. Viatu vya mitumba havina ubaya, ila bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, iache. Kina dada wafanye mazoezi kwa kundi, alfajiri si salama peke yako. Nguo ni ya stara kama mtu anavyopenda. Tuna wanaokimbia na hijabu na suruali ndefu na wanamaliza mbele ya wanaume.

Nani asikimbie

Naomba sehemu hii isomwe mara mbili.

Mwenye sikoseli asishiriki mbio za ushindani. Kukauka maji, kuchoka kupita kiasi, joto kali na hata baridi ya ghafla ni mambo yanayoamsha maumivu. Kutembea kidogo anaweza, kama daktari wake ameridhia, akiwa na maji na mtu wa kumsindikiza. Awe chini ya kivuli, awe na sweta kwa ule upepo wa alfajiri, na asikae uwanjani saa nne mfululizo kusikiliza hotuba. Mwaka mmoja mtoto aliyekuja kutushangilia alilazwa usiku ule ule. Tulikuwa tumemsimamisha kwenye jua pamoja na viongozi apigwe picha. Kosa lilikuwa letu.

Ndugu wa mgonjwa nao wajue hali yao. Wengi wetu tumebeba kinasaba kimoja bila kuumwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kukimbia, na wengi wanakimbia maisha yao yote, ila, ingawa hutokea mara chache sana, akijilazimisha kwa nguvu kubwa kwenye joto bila maandalizi misuli inaweza kuharibika vibaya na akaanguka. Kinga yake ni rahisi: aongeze mazoezi polepole, anywe maji, asishindane akiwa na homa, na akihisi misuli imelegea na kuuma isivyo kawaida asimame papo hapo. Asiambiwe "kaza". Waambieni wasimamizi wa njia hivyo hivyo.

Wenye shinikizo la damu, moyo, pumu na wajawazito waonane na daktari kwanza. Fomu ya usajili iwe na nafasi ya kuandika hayo na namba ya ndugu wa karibu, na namba hiyo iandikwe pia nyuma ya ile ya kifuani.

Siku yenyewe

Juni jua linachomoza Mtwara kama saa 12:30 asubuhi. Anzeni saa 12:45. Hii ina maana wasimamizi wawe barabarani saa 12:00, na maji yawe yamefika vituoni usiku wa kuamkia, yakiwa na mlinzi.

Mgeni rasmi asianzishe mbio. Nasema hivyo kwa heshima zote. Mgeni rasmi akichelewa saa moja, na atachelewa, mnakimbia kwenye jua. Mwombeni aje kupokea washindi saa 2:00. Kila kiongozi tuliyemweleza sababu alikubali bila kinyongo, na mmoja alikuja alfajiri akakimbia kilomita 5 na vijana.

Kituo cha maji kila kilomita mbili na nusu. Kwa watu 200 wa kilomita 10, glasi moja kila kituo pamoja na pale mwisho ni kama lita 160. Wekeni 300, maana watu humwagia vichwani na waliotembea nao wanakunywa. Madumu na vikombe vinatosha. Mwaka wa kwanza maji yaliisha kituo cha tatu na waliopata shida ni wale wa nyuma, yaani wageni wa mbio, ambao ndio wanaohitaji zaidi. Kwa hiyo kila kituo kitenge dumu moja lisiloguswa mpaka nusu ya watu wapite.

Vijana wa bodaboda wasimame kwenye makutano wakiwa na vizibao vinavyong'aa. Wakiwa sehemu ya kamati, barabara inatulia. Mkiwaacha nje, watapita katikati ya wakimbiaji. Baiskeli moja itangulie, nyingine ifunge nyuma na isimpite mtu wa mwisho hata akitembea. Ombeni gari la wagonjwa na watu wa Msalaba Mwekundu, na kila msimamizi awe na namba moja ya kupiga.

Mwisho wa mbio: machungwa, ndizi, uji, mihogo ya kuchemsha, madafu kama kuna mfadhili. Hotuba tatu, dakika tano kila moja. Moja iwe ya muuguzi wa kliniki ya sikoseli.

Damu na vipimo

Pamoja na fedha, wagonjwa wetu wanahitaji damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Waandikieni waje na vitanda. Anayetoa awe na miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Lakini waliotoka kukimbia wasitoe siku hiyo, miili yao imepungukiwa maji. Siku ya mbio watoe washangiliaji, madereva, wazee wa mtaa. Wakimbiaji waandikishwe kwenda kituoni wiki inayofuata. Tulipotenganisha hivyo, hakuna aliyezimia tena.

Kuhusu kupima sikoseli uwanjani, fikirini sana. Kipimo ni tone la damu, ila jibu lake linaingia chumbani kwa watu. Mtoto akikutwa mgonjwa na baba hana kinasaba, patazuka swali ambalo uwanja si mahali pake. Kama hospitali italeta washauri, hema lenye pazia na daftari la siri, pimeni. Kama haiwezi, gaweni karatasi zenye siku za kliniki na muishie hapo.

Fedha zifike

Zihesabiwe siku hiyo hiyo, chumbani, mbele ya watu watatu, na wote watie saini. Jumatatu asubuhi ziende benki. Malipo kwa hospitali ya Serikali yafanyike kwa namba ya malipo mtakayopewa na ofisi ya uhasibu, ile wanayoiita kontroo namba, kamwe si mkononi kwa mtu hata awe mwema kiasi gani. Nauli tunawapa wazazi kliniki, wakisaini mbele ya muuguzi.

Ndani ya siku 14 bandikeni taarifa kwenye ubao wa Serikali ya Mtaa na muitume kwa kila mdhamini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, idadi ya wagonjwa bila majina yao. Mkikosa lengo, andikeni mmekosa kwa kiasi gani. Tulipoandika kwamba tulilenga watoto 30 na fedha imetosha 22, mfanyabiashara mmoja wa Magomeni alikuja na ya watoto wanane kwenye bahasha.

Miezi sita baadaye rudini pale dirishani mlikoanzia, na daftari. Muulizeni muuguzi wangapi kati ya wale mliowalipia bado wanakuja. Safari iliyopita mmoja alikuwa ameacha. Tulipomfuata mama yake, kumbe kahamia shambani upande wa Newala na hakujua kwamba nauli ya kutoka huko nayo inalipwa. Alirudi kliniki mwezi uliofuata.